Monita za ICU zimefika, sasa tufundisheni kuzisoma

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wako. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba usiikate sana hii, naiandika asubuhi nimetoka nait, zamu ya usiku, na najua kabisa nikilala kwanza sitaiandika tena.

Juzi gazeti lenu lilitoa picha ya viongozi wamekata utepe kwenye ICU mpya, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, nyuma yao vitanda vimepangwa na kila kitanda kina monita ukutani, ile skrini ya kuonyesha presha na mapigo ya moyo, bado ina nailoni yake. Nilifurahi, nasema kwa moyo wote nilifurahi. Mimi ni nesi wa ICU, mwaka huu natimiza miaka 17, nilianza kazi wakati wodi nzima tuna monita mbili na moja inasoma presha siku ikijisikia, tulikuwa tunazihamisha kitanda hadi kitanda kama jiko la kuazima, kwa hiyo mimi siwezi kusema mashine si kitu. Mashine ni kitu. Tangu ule mpango wa Uviko uliozinduliwa hapa Tanzania Oktoba 2021, zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, majengo ya ICU na ya dharura yamejengwa mpaka mikoa ambayo zamani mgonjwa mahututi alikuwa anapakiwa kwenye landkruza na kuombewa dua afike salama. Hayo yote nayaona na nashukuru. Ila habari nzima niliyoisoma chini ya ile picha hakuna sehemu hata moja mwandishi ameuliza nani atakaa mbele ya hizo monita saa tisa usiku, na huyo mtu amefundishwa nini.

Nisimulie usiku mmoja ndo mtanielewa. Hospitali siitaji, na si lazima, maana kinachotokea pale kinaweza kutokea popote.

Nilikuwa naingia nait, ile saa mbili kasoro tunapokeana ripoti. Kitanda cha tatu kuna mama mdogo, miaka ishirini na kitu, kajifungua siku tisa zilizopita, moyo umetanuka, ule ugonjwa unaowapata kina mama mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Miguu imevimba, anakaa ameegemea mito mitatu maana akilala chali anakosa pumzi. Ana laini kwenye ateri ya mkono wa kushoto, ile inayosoma presha kila pigo la moyo badala ya kusubiri kamba ya mkononi ijae na kushuka, na pembeni kuna pampu inampa noradrenalini ya kupandisha presha. Nesi mdogo wangu niliyempokea zamu ana wiki tatu tu ICU, katokea wodi ya wazazi, ananiambia kwa sauti imechoka kabisa, "Dada, presha ya huyu inagoma. Nimeongeza dawa mara mbili, dokta kwenye simu kasema niendelee, bado iko themanini na mbili kwa arobaini na nne."

Nikaangalia skrini, kweli 82 kwa 44. Nikamwangalia mgonjwa, akaniangalia, akaniomba maji. Nikamshika vidole vikawa vya baridi sana na kucha zimeanza kuwa na ubluu. Hapo ndo kitu kikanikaa kichwani, nikaacha kuangalia skrini nikaanza kufuata waya, kutoka mkononi kwa mgonjwa, mrija, mpaka kwenye transdyusa. Transdyusa ni kile kidude kidogo cha plastiki kinachopokea msukumo wa damu kupitia maji ya kwenye mrija na kuugeuza kuwa namba. Kilikuwa kimefungwa kwenye stendi ya dripu, juu ya usawa wa moyo wake kwa urefu wa rula ya shule. Kumbe jioni waliinua kitanda ili wamuogeshe vizuri, transdyusa ikapangwa kitanda kikiwa juu, walipomaliza wakashusha kitanda na stendi ikabaki pale pale ilipo.

Sasa mtu asiye wa fani atauliza rula moja ina shida gani. Hiyo kitu inasoma uzito wa maji, kwa kila sentimita 10 ikiwa juu ya moyo presha inasomeka pungufu kwa karibu milimita 7 na nusu za zebaki, ikiwa chini inasomeka zaidi kwa kiasi hicho hicho. Rula ni sentimita 30, piga hesabu, ni 22 hivi zimepotea hewani. Nikamfunga kamba ya presha mkono wa kulia, ikasoma 105 kwa 66. Nikashusha transdyusa mpaka usawa wake, nikaifungua kwenye hewa nikaizerosha, yaani nikaifanya ianze kusoma kutoka sifuri, skrini yenyewe ikaja 104 kwa 66. Yaani presha ilikuwepo muda wote. Tulikuwa tunamwongezea dawa inayobana mishipa mama ambaye moyo wake umechoka, moyo unasukuma damu na sisi tunaubania mlango, na kila tukibana namba haipandi tunavyotaka tunabana tena. Nikampigia dokta, tukaanza kupunguza dawa kidogo kidogo, si kuzima ghafla, ilichukua karibu saa nzima. Alfajiri vidole vilikuwa vya moto. Siku ya sita alitoka ICU kwenda wodini, akamnyonyesha mtoto mbele yetu.

Yule mdogo wangu nilimkuta kwenye stoo ya dripu analia. Nikamuuliza, nani alikuonyesha transdyusa inakaa wapi? Akasema hakuna. Nikamuuliza nani alikuambia kitanda kikiinuliwa au kikishushwa unairekebisha? Akasema hakuna dada, nilikuta imefungwa pale nikajua ndo mahali pake. Kwa hiyo mimi yule siwezi kumlaumu, alikaa na mgonjwa masaa kumi na mbili hajakaa chini, alifuata namba, alipiga simu kwa dokta kama inavyotakiwa. Alichokosa ni kitu cha kufundishwa dakika tano: tafuta nafasi ya nne kati ya mbavu, fuata mpaka ubavuni katikati ya kifua na mgongo, weka alama ya kalamu, hapo ndo usawa wa moyo, na kila mgonjwa akigeuzwa unaangalia tena. Dakika tano Mhariri.

Na mafunzo yenyewe yanavyokuwa ni hivi. Mashine zikifika anakuja kijana wa kampuni iliyouza, anaonyesha pa kuwashia, pa kubadilisha rangi ya skrini, pa kuandika jina la mgonjwa, masaa mawili imeisha, tunapiga picha ya pamoja. Wanaohudhuria ni wa shifti ya asubuhi. Wa jioni wanafundishwa na wa asubuhi, wa nait wanafundishwa na wa jioni wakati wa kupokeana ripoti mtu ana haraka ya daladala, mpaka ifike kwa anayetoka likizo kimebaki kile kitufe cha kunyamazisha alamu tu. Kitabu cha maelekezo kinafungiwa kabatini kwa inchaji, mkuu wa wodi, kisipotee. Sisemi yule kijana ni mbaya, yeye kazi yake ni kuonyesha mashine inavyofanya kazi, si kazi yake kutufundisha lini mashine inasema uongo. Hilo la pili ndo linaua watu na hilo ndo halina mwalimu.

Kuna watu wakisikia hivi watasema ah, manesi wetu hawajui. Naomba wasikimbilie huko. Kuna mrija unaopitishwa mshipani mpaka ndani ya moyo na kutokea mshipa mkubwa wa mapafu, una kibofu kidogo cha hewa kwenye ncha, madaktari wawili Jeremy Swan na William Ganz waliutangaza mwaka 1970 pale Los Angeles na ICU za Marekani wakautumia sana kwa miaka mingi. Mwaka 1990 watafiti wakachapisha matokeo ya kuwapima wanaoutumia, walichukua madaktari, narudia madaktari, 496 wa hospitali 13 za Marekani na Kanada, wakawapa maswali 31. Wastani wao ulikuwa asilimia 67, na karibu nusu walishindwa kusoma kipimo kwenye mchoro ulioonyeshwa wazi kabisa. Baadaye manesi wa ICU wa huko huko nao wakapimwa wakapata chini ya hapo. Miaka 20 kifaa kipo mkononi mwao, hospitali zina kila kitu, na bado. Kwa hiyo hili si la nesi wa kijijini wala si la Afrika, kifaa kinanunuliwa kwa siku moja na ujuzi haununuliwi hivyo.

Tofauti ni kwamba wao walipima wakajua wamesimama wapi. Sisi hatupimani. Mimi tangu nimeanza ICU hakuna mtu amewahi kuja kitandani akaniambia sista, zerosha hii laini nikuone.

Nije kwenye waya za kifuani, zile za kuchora mapigo ya moyo kwenye monita, maana hili nalo watu wa nje hawalijui na lina vituko vyake. Wodi zetu vifaa vinatoka kila kona ya dunia, kingine kimenunuliwa, kingine msaada wa kanisa, kingine wageni waliondoka wakakiacha. Waya za mfumo wa Ulaya mwekundu unakaa upande wa mkono wa kulia, wa njano kushoto, wa kijani chini kushoto, mweusi chini kulia. Waya za mfumo wa Marekani mweupe ndo wa mkono wa kulia, mweusi kushoto, mwekundu unakwenda chini kushoto na kijani chini kulia. Umeona hapo? Mwekundu kwenye mfumo mmoja uko juu kulia, kwenye mwingine uko chini kushoto, yaani kona mbili zinazotazamana. Kitanda cha kwanza kina mfumo huu, cha pili kina ule, nesi mmoja anahudumia vyote viwili na hajaambiwa kuna mifumo miwili. Akibandika kwa rangi alizokariri chuoni mchoro unatoka kichwa chini, dokta anaukuta anadhani moyo umepata shambulio, mgonjwa anachomwa sindano na kutolewa damu za vipimo, kumbe ni rangi. Herufi za mkono na mguu mara nyingi ziko kwenye waya wenyewe ila zimefutika kwa spiriti ya miaka. Wodini kwetu tulichora kifua cha mtu kwenye karatasi ya manila, rangi za mfumo huu upande huu na za ule upande ule, tukaibandika ukutani kwa plasta. Haikutugharimu kitu.

Halafu alamu. Ukiingia ICU yoyote simama kimya dakika moja usikilize, inalia kama kituo cha bodaboda. Nyingi hazina maana, stika ya kushikiza waya kifuani imekauka, mgonjwa anakohoa, mtu anapigwa mswaki na skrini inaandika moyo unapiga vibaya sana kumbe ni mkono unatikisika. Stika zikiisha dukani tunazirudia, jeli ishakauka tunapaka jeli ya utrasaundi juu tunabana na plasta, inashika nusu saa inaachia, monita inapiga kelele kwamba moyo umesimama, unakimbia, unamkuta mgonjwa anakunywa uji. Ukikimbia hivyo mara kumi, ya kumi na moja unatembea. Mwili ndo ulivyo, huwezi kushtuka masaa kumi na mbili mfululizo. Matokeo yake mtu anashusha sauti mpaka mwisho, au anapanua mipaka mpaka mashine haiwezi kulia tena, wa shifti inayofuata hajui. Tume inayokagua hospitali Marekani, Joint Commission, ilitoa tahadhari Aprili 2013 kwamba kati ya mwaka 2009 na katikati ya 2012 walipokea taarifa za matukio 98 ya alamu, na 80 kati ya hayo mgonjwa alifariki. Hayo ni yaliyoripotiwa tu. Sisi kwetu sijui hata tungeripoti kwenye fomu gani.

Dawa yake tunaijua, wala si ya hela nyingi. Safisha ngozi ukaushe kabla ya kubandika, nyoa kama kuna nywele, badilisha stika kila siku, na kila mgonjwa mpangie mipaka yake, mzee mwenye moyo unaopiga 48 siku zote usimwekee alamu ya 60, utajitesa bure. Na ukipokea ripoti soma mipaka ya alamu kwa sauti wote wawili mkiwa kitandani. Mimi hili nalisimamia kwenye shifti yangu na wadogo zangu wameshanizoea, wananiita mama alamu, sawa tu.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote. Unamchukua msichana au kijana, unamfundisha mwaka mzima na miezi, anafika mahali akiingia tu wodini anajua kitanda gani kina shida kabla hajaangalia skrini, mchoro wa laini ukilala anajua kuna kiputo cha hewa au damu imeganda kwenye mrija, mfuko unaosukuma maji kwenye mrija presha yake imeshuka chini ya 300 anaupampu mwenyewe bila kuambiwa. Halafu inatoka ratiba ya mzunguko, anahamishiwa kliniki ya mama na mtoto au ya macho, na analetwa mwingine ambaye hajawahi kushika monita. Yule mdogo wangu aliyelia stoo alikuja kuwa mkali kweli kweli, madokta wapya walikuwa wanamuuliza yeye. Miaka miwili baadaye akahamishwa. Niliandika barua, nikajibiwa kwamba nesi ni nesi, anapangiwa popote penye upungufu. Naheshimu kliniki ya mama na mtoto, kazi yake ni kubwa na yenyewe ina ujuzi wake, ndo maana nasema ukimtoa wa huku ukampeleka kule umevunja sehemu mbili kwa mkupuo.

Na si kwamba njia haipo. Kenya pale KMTC, chuo chao cha mafunzo ya tiba, wana stashahada ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, nesi aliyesajiliwa anarudi darasani na wodini anatoka na utaalamu unaotambulika. Hapa kwetu MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kuna shahada ya uzamili ya fani hiyo hiyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo tangu 2015, inafanya upasuaji wa moyo ambao zamani mtu alikuwa lazima apelekwe India, na huo upasuaji haupo bila manesi wanaosoma laini hizi usiku na mchana, kwa hiyo walimu tunao ndani ya nchi. Kinachohitajika ni hawa wa mikoani kwenda kukaa pale wiki kadhaa kitandani si ukumbini, na wakirudi waachwe ICU. Baraza la Uuguzi na Ukunga linatudai pointi za kujiendeleza ili tuhuishe leseni, vizuri, basi pointi za nesi wa ICU ziwe zinapatikana kwa kuonyesha kwa mikono, zerosha, weka usawa, nionyeshe mchoro mzuri na mbaya, nipangie alamu za mgonjwa huyu, mtu anasimama pembeni anatiki. Mtu akishindwa asiandikiwe barua ya onyo, afundishwe arudie wiki ijayo. Nasisitiza hili kwa sababu tukianza kuadhibu watu wataficha, na mtu anayeficha kwamba hajui ndo hatari kuliko wote wodini.

Na wakuu wa hospitali mnaosaini manunuzi, mkataba wa mashine uandikeni na mafunzo ndani yake, ya shifti zote tatu na marudio baada ya miezi mitatu, na stika na transdyusa za kutosha mwaka mzima, maana monita bila stika ni televisheni. Fundi wa vifaa tiba naye afundishwe siku hiyo hiyo, yeye ndo tunamwamsha usiku.

Ndugu wa wagonjwa nanyi nawaomba kitu kimoja. Mkiruhusiwa kuingia dakika zile kumi naona macho yote yako kwenye skrini, mnahesabu namba, ikishuka mnalia ikipanda mnamshukuru Mungu. Mshikeni mkono mgonjwa wenu, mwiteni jina. Mkono ukiwa wa baridi kuliko jana tuambieni, mama yake yule wa kitanda cha tatu ndo alikuwa ameanza kusema tangu saa kumi na moja jioni kwamba mwanangu mikono imepoa, na hakuna aliyemsikiliza kwa sababu wote tulikuwa tunaangalia namba.

Mhariri, waandishi wako wakialikwa tena kwenye kukata utepe, wakimaliza picha wamtafute nesi mmoja wa zamu ya usiku, wamuulize kama transdyusa anajua inakaa wapi na nani alimfundisha. Na jibu lake mlichapishe chini ya picha.

Nesi wa ICU,
Nyanda za Juu Kusini